Yaliyojiri mkutano wa kijiji kuhusu tembo, na lile ambalo hakuna aliyelisema

Mlala Lindo:
Wakuu habari za asubuhi. Mi ni msomaji tu humu sinaga uzi, ila mkutano wa jana umeniacha na donge kooni nikaona bora niliteme hapa. Kijiji sikitaji, ni huku mkoa wa Lindi upande wa hifadhi ya Selous, wenyeji wakisoma watakijua tu.

Kwa msiokuwepo site: msimu ndo huu, mabibo yamejaa chini ya mikorosho yanachacha, embe zimeiva, porini maji yamebaki kwenye vidimbwi viwili vitatu na mvua ya kupandia bado. Tembo wameingia toka katikati ya mwezi. Kuna kundi la majike na watoto wao, halafu kuna dume moja linatembea peke yake, hilo ndo lenye kesi. Juzi limempitia jirani yangu akitoka kilabuni usiku, mguu umevunjika sehemu mbili, tunamshukuru Mungu yupo hospitali anaongea. Mwaka jana mwezi kama huu tulizika. Kwahiyo mwenyekiti akaitisha mkutano wa dharura, mbiu imepigwa usiku, saa tatu asubuhi tupo chini ya mwembe wa ofisi, wageni wakafika saa tano na nusu, ratiba zetu mnazijua.

Nianze na yaliyosemwa maana mengi yana faida na kuna watu hawakuja wakidhani ni michango.

Afisa wanyamapori alianza na saa. Tembo anatoka alikojificha jua likizama, anakula usiku, alfajiri anarudi. Kwahiyo jioni giza likianza kuingia hadi jua lichomoze vizuri, mtu asipite peke yake njia ya mtoni wala ile ya mashamba mapya. Watoto wa shule wasitoke alfajiri kuwahi namba, mwalimu mkuu alikuwepo akakubali waingie saa mbili mpaka hali itulie, na watembee kwa kundi na mtu mzima mbele. Hili nimelipenda sana maana mwanangu anapita palepale.

Vilabu vya uraka (pombe ya mabibo) vifungwe saa kumi na mbili jioni. Hapa kinamama wauza uraka walinuna na wanaume waliinamisha vichwa kama wamepewa msiba. Ila ukweli ni kwamba mtu aliyekunywa hasikii matawi yakivunjika, na tembo mwenyewe mwili mkubwa vile anasimama gizani kimya kama ukuta, unamgundua ukiwa umeshamfikia.

Ukikutana naye. Kwanza simama. Angalia upepo unatoka wapi, kama unatoka kwako kwenda kwake ameshakujua, sogea taratibu upande mwingine asikunuse. Usimzomee, usimrushie jiwe, usitoe simu upige picha (kuna vijana wa bodaboda hapo tuliwatazama wote kwa pamoja). Akitanua masikio, akatikisa kichwa, akapiga kelele na vumbi, mara nyingi anakutisha uondoke, we rudi kinyumenyume. Akikunja mkonga ndani, akalaza masikio na akaja kimya, huyo anakuja kweli. Mbio humshindi, tembo anakimbia kuliko mtu yeyote wa kijiji hiki, tafuta mti mnene sana, korongo, mawe makubwa, kitu cha kuweka kati yenu. Na ukiwa na mzigo utupe, anaweza kuhangaika nao ukapata dakika. Mbwa muache nyumbani, atambwekea tembo halafu akifukuzwa anakimbilia wapi? Kwako.

Usilale chumba kimoja na magunia. Mahindi, chumvi, pombe, tembo anavinusa toka mbali na ukuta wa udongo kwake ni kama biskuti.

Hayo ndo yaliyosemwa. Sasa lile ambalo halikusemwa, na nilinyoosha mkono mara tatu sikupewa nafasi: yale mashamba mapya ya bondeni yametoka wapi? Wazee wote wanajua lile bonde ni njia ya tembo, wanashuka pale kwenda kunywa toka enzi na enzi. Mwaka jana vijana wakakatiwa pale ekari tatu tatu, watu wakafyeka, wakachoma, wakapanda mahindi katikati ya barabara ya mwenzao. Mi sikumbuki mkutano mkuu wowote uliopitisha ule ugawaji. Na kila aliyeumizwa misimu hii miwili ameumizwa ama mle bondeni ama akitoka mle. Tunafundishwa jinsi ya kukimbia tembo, sawa, ila nani aliyetuweka mbele yake?

Karibuni wakuu.

Wa Nachingwea:
Mkuu pole sana na mpe pole mgonjwa. Huku kwetu hadithi ni hiyohiyo badilisha jina la kijiji tu. Wiki iliyopita wamelala kwenye mikorosho ya mjomba, asubuhi matawi yote ya chini hamna, na mikorosho ile ina umri kuliko mimi. Hapo kwenye mbwa umenikumbusha mbali, jamaa yetu aliponea chupuchupu kwa style hiyohiyo.

Jogoo wa Mjini:
Mnajitesa bure, mnyama mmoja anasumbua kijiji kizima? Pigeni chini mgawane nyama, mwezi mzima hamnunui mboga. Sumu kwenye tikiti maji kazi imeisha.

Kombati Kuukuu:
@Jogoo wa Mjini wewe uko mjini na feni, usiwaponze wenzio. Nimekuwa askari wa wanyamapori wa kijiji (VGS) miaka tisa kabla ya goti kunigomea, nimeona watu wakiacha familia kwa mchezo huo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haina utani, nyama yenyewe tu kukutwa nayo ni nyara ya serikali, acha meno. Na sumu haichagui, ukitega tikiti leo kesho anakula ng'ombe wa mtu au mtoto. Hata ukikuta tembo amekufa mwenyewe usimguse wala usikate kitu, mwambie mtendaji, apigiwe afisa.

Halafu tembo aliyejeruhiwa ndo muuaji. Dume nyingi zenye kesi ukichunguza lina risasi ya gobore kalioni au kovu la waya mguuni. Anakuwa na kinyongo.

Mleta uzi umeandika vizuri ila afisa wenu amesahau moja au hukulisikia: tochi. Tochi kali mkiwa wengi mkiwa pamoja inasaidia kumsogeza, ila mtu mmoja na tochi yake ya simu akimulika machoni anamuonyesha tu alipo. Na lindo msilale dungu moja moja mbalimbali. Pangeni zamu, madungu matatu manne yanaonana, filimbi au debe, mmoja akiona wote wanapiga upande mmoja na upande wa porini mnauacha wazi. Watu wengi wanakosea hapo, wanamzunguka tembo pande zote halafu wanashangaa anapita juu yao.

Mama Sabra:
Kaka Mlala Lindo mimi ni mmoja wa hao walionuna 😂 sio kijiji chenu ila biashara ni moja. Msimu wa uraka ni miezi miwili tu, hapo ndo ada na sare za watoto. Mkitufungia saa kumi na mbili mteja anatoka shamba saa kumi na moja na nusu anakunywa nini? Sisi tuliongea na serikali ya kijiji tukahamishwa vilabu vyote viwe katikati, karibu na barabara kubwa, na wanywaji wanarudi kwa kundi na mgambo anawasindikiza wa upande wa mtoni, kila kilabu inachangia elfu mbili kwa wiki ya mgambo. Kufunga tunafunga saa mbili. Toka tumefanya hivyo hajaumia mtu wa kilabuni. Na makapi ya mabibo usimwage nyuma ya nyumba jamani, chimbeni shimo mfukie, mnawaita wenyewe halafu mnalia.

Mlala Lindo:
Dada Mama Sabra hili la makapi halikusemwa kabisa jana na ni kweli, nyuma ya vilabu vyetu kuna milima. Nalipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji leoleo. Na hiyo ya kuhamia barabarani ina akili kuliko kufunga.

Mjukuu wa Liwale:
Naomba niseme kitu kwa upole maana naona uzi unaelekea kule kwa "watu wamevamia njia ya tembo". Marehemu babu yangu alizaliwa ndani huko ambako leo ni hifadhi. Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni iliwahamisha Wangindo wa magharibi ya Liwale, sababu zikatajwa malale na tembo, vijiji vikaachwa na mashamba na makaburi, Selous ikatanuka. Halafu miaka ya 70 vijiji vya ujamaa vikatusogeza tena barabarani. Sasa mtu akiniambia mimi ndo nimemfuata tembo namwangalia tu. Babu alikuwa anasema zamani ndembo (tembo) walikuwepo na watu walikuwepo, wakilima pamoja shamba kubwa moja na kulilinda wote, sio kila mtu kaekari kake porini.

Siwatetei waliogawa bonde. Ila lawama ianzie mbali kidogo.

Kombati Kuukuu:
@Mjukuu wa Liwale hilo la kulima pamoja ndo dawa ambayo hakuna mradi unaileta kwa sababu haina semina. Shamba la kujitenga msituni ndo linaliwa la kwanza.

Na kingine, ujangili ulipokuwa umeshika kasi tembo walikuwa wachache na waoga. Hesabu ya 2013 Selous na Mikumi walikutwa kama 13,000 tu, wakati miaka ya 70 walikuwa wanahesabiwa zaidi ya laki. Kuna kizazi cha vijana kimekua bila kumuona tembo shambani, wakasafisha mapito wakidhani ni msitu tu wa bure. Sasa ujangili umepungua, wamerudi, na tembo hasahau. Bibi yao akiongoza kundi anapita palepale alipopitishwa akiwa mtoto.

Ekari Mbili:
Naombeni msaada kuhusu kifuta jasho. Mwaka jana nililiwa mahindi ekari mbili, nikaandikisha, mpaka leo kimya, ofisi nikienda naambiwa zipo kwenye mchakato. Sitaji ofisi.

Kombati Kuukuu:
Pole ndugu. Ngoja nikuelekeze na wengine wasome maana hapa ndo watu wengi wanapoteza haki.

Kwanza jina lenyewe, ni kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufa. Sio fidia. Serikali hailipi thamani ya mahindi yako, inakupa pole. Kanuni zilivyotoka 2011 zilikuwa kifo milioni moja, ulemavu wa kudumu laki tano, na mazao kuanzia 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari kutegemea shamba liko mbali kiasi gani na mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari tano hata kama umeliwa ishirini. Ukiwa mbali zaidi na mpaka unapata zaidi. Ukiwa ndani ya mita 500 toka mpaka, hupati kitu. Kiwango cha sasa kamuulize afisa wanyamapori wa wilaya akuonyeshe kanuni yenyewe, usiambiwe kwa mdomo.

Pili, toa taarifa siku hiyohiyo au kesho yake kwa mtendaji wa kijiji, iandikwe, na uondoke na nakala yenye muhuri. Piga picha kabla hujagusa. Watu wanafanya kosa wanavuna kilichobaki, bwana shamba akija kufanya tathmini anakuta shamba limefyekwa, ataandika nini? Kwa aliyeumia uwe na karatasi ya daktari na ya polisi. Fomu bila saini ya mtendaji na ya afisa haisafiri. Nyingi nilizoona "kwenye mchakato" zilikuwa zimelala droo la kijiji hazijawahi kupanda hata pikipiki kwenda wilayani. Nenda wilayani na nakala yako waulize imepokelewa tarehe ngapi.

Ekari Mbili:
Nakala sina mkuu. Niliambiwa watanipa. Dah.

Asali Kilombero:
Sisi huku pembeni ya Udzungwa tuna uzio wa mizinga. Nguzo, waya, mzinga kila baada ya mita kama kumi, tembo akigusa waya mizinga inacheza nyuki wanatoka. Wanaogopa sana nyuki, wanawauma ndani ya mkonga na machoni. Inafanya kazi lakini nisiwadanganye: mzinga usio na nyuki ni boksi tu, kiangazi nyuki wanahama kama hamna maji na maua, kwahiyo muweke maji, mkague kila wiki, na lazima kikundi kiwe na watu wasioogopa kuumwa. Vikundi vitatu vya kwanza huku kwetu vilikufa kwa uvivu tu. Faida ni asali hata kama tembo hajaja.

Wasio na hela ya mizinga pilipili ipo. Pilipili kichaa twanga, changanya na oili chafu, paka kwenye kamba na vitambaa mzungushie shamba, mvua ikinyesha rudia. Au changanya na kinyesi cha ng'ombe au cha tembo mwenyewe, fanya matofali, kausha, usiku choma upande upepo unakotoka. Moshi ule hata wewe utahama.

Mama Sabra:
Na kulima kitu wasichokipenda je? Sisi pembeni tumeweka ufuta, mahindi ndani karibu na nyumba. Ufuta wanaukanyaga wakipita ila hawasimami kula kama mahindi.

Mtendaji Fulani:
Nilitaka nipite kimya ila ngoja niseme, mimi ni mtendaji wa kijiji mkoa mwingine. Mlala Lindo uko sahihi kuhusu ardhi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na mkutano mkuu ni wewe na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Nenda ofisini kaombe muhtasari wa kikao kilichopitisha yale mashamba. Uombe kwa barua na uje na wenzako, ukienda peke yako utaonekana mpinzani.

Lakini tuelewe na upande wa pili. Vijana wamerudi toka mjini, ufuta una bei, wanakuja ofisini kila siku "tupeni ardhi". Mwenyekiti amechaguliwa na haohao Novemba 2024, hana mshahara, ana posho ya kubahatisha, atawaambiaje hamna wakati wanaona pori? Mimi nimewahi kukataa kugonga muhuri nikaitwa adui wa vijana. Mpango wa matumizi bora ya ardhi kijiji kikiwa nao ndo unakuokoa, unaonyesha ramani, hapa malisho, hapa mapito ya wanyama, hamna mjadala. Vijiji vingi havina, au vina ramani imekunjwa kabatini panya wanaisoma.

Wa Nachingwea:
Panya wanaisoma 😂😂 mtendaji umetisha. Swali kwa mleta uzi lakini, usinielewe vibaya. Wewe shamba lako liko wapi?

Mlala Lindo:
Nilijua litakuja. Ekari moja na nusu ya kwangu imo mle bondeni. Sikukatiwa mwaka jana, nilinunua kwa kijana aliyekatiwa, laki mbili na nusu, karatasi ya mkono tu na mashahidi wawili. Dungu langu liko kama hatua hamsini toka pale jirani alipoumizwa. Kwahiyo nikisema bonde lirudi kuwa njia najua nasema nini, na mke wangu hajui bado kama nimeandika huu uzi.

Mjukuu wa Liwale:
Hapo umekuwa mwanaume kaka.

Jogoo wa Mjini:
Nafuta kauli ya sumu. Sikujua mambo yako hivi, nilidhani ni mnyama mmoja tu.

Kombati Kuukuu:
Mlala Lindo msipande mahindi mle msimu huu hata kama kesi haijaisha. Kama mmeshalima wekeni ufuta, na acheni upana wa kupita katikati, mita mia hata mia mbili, pale zilipo nyayo na vinyesi vya zamani. Wakipata pa kupita wengi watapita. Na namba muwe nazo kwenye simu na ukutani ofisini: ya afisa wanyamapori, ya VGS wa zamu, ya mtendaji, polisi 112. Mtu asianze kutafuta namba tembo akiwa jikoni.

Mlala Lindo:
Mrejesho wakuu, siku ya tano leo.

Barua ya kuomba muhtasari tumepeleka watu kumi na saba, tumegongewa muhuri wa kupokelewa. Mtendaji wetu akatuambia ukweli kwamba kikao kilichogawa bonde kilikuwa cha halmashauri ya kijiji tu, mkutano mkuu haukukaa. Mwenyekiti alikasirika dakika kumi halafu akakaa chini akasema basi tuitishe. Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki ijayo saa tatu, ajenda mbili, bonde na madungu ya zamu. Waliokatiwa bondeni waje na karatasi zao, mi nakuja na yangu.

Jana wazee wawili na VGS walitupitisha kuonyesha njia ilivyokuwa, tumepaka miti rangi nyekundu pande zote mbili toka kichakani mpaka mtoni. Imekata mashamba ishirini na moja, mengine yote, mengine pembe tu. Vilabu viwili vimekubali kuhamia barabarani, cha tatu mwenye nacho anasema ahame tembo kwanza. Mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani na plasta mpaka pajani, nakala ya fomu yake yenye muhuri ninayo mimi, nimeitoa kopi tatu.

Nyumbani nimeshasema pia. Ugali nimepewa, maneno sijapewa.